Chatiplota, simu au GPS ya mkononi: kipi kikuongoze baharini?

Anayetaka kuweka ramani ya GPS kwenye boti yake huanza kwa kuuliza bei na ukubwa wa kioo. Ni maswali ya haki, ila hayaamui. Swali linaloamua ni kama ramani utaiona saa ile maji yanaruka juu ya omo (mbele ya chombo), jua liko usoni au giza limeshafunga, mkono mmoja uko kwenye usukani na wa pili umejishikiza. Na je, kifaa kitakuwa bado kinawaka? Kwa kipimo hicho nalinganisha vitu vitatu: chatiplota, yaani kioo cha ramani kinachofungwa kwenye boti na kula umeme wa betri yake, simu au kishikwambi chenye programu ya ramani za bahari, na GPS ndogo ya mkononi.

Msimamo wangu nautaja mapema. Boti yenye injini na betri, inayopita karibu na miamba au inayotembea usiku, ifungwe chatiplota, na simu iwe akiba. Chombo kidogo kisicho na umeme kinafaidika zaidi na GPS ya mkononi. Simu peke yake ninaikubali kwa safari za mchana, nchi kavu ikionekana na bahari ikiwa shwari. Dira siiweki kwenye mashindano haya, kwa sababu inabaki chomboni vyovyote utakavyochagua.

Usahihi hautofautiani sana

Wauzaji hupenda kusema kwamba chatiplota ina usahihi kuliko simu. Kwenye bahari wazi tofauti hiyo ni ndogo mno, haistahili kuwa sababu ya kutoa pesa. Vyote vitatu husikiliza setilaiti zile zile: GPS ya Marekani na, kwa vifaa vingi vya siku hizi, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, na kosa la mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Tangu mtindo huo uachwe, kifaa cha kawaida chini ya anga wazi hukosea mita chache tu.

Kuna jambo linalowachanganya wengi: simu haihitaji mtandao ili ijue ilipo. Mtandao huisaidia kuzipata setilaiti upesi. Bila mtandao itakawia kidogo, kisha itazipata. Kinachohitaji mtandao ni ramani. Ukiondoka bila kuipakua, utaona kidoti cha bluu juu ya skrini tupu. Na kwa vishikwambi, soma maelezo kabla ya kununua. iPad za Wi-Fi pekee hazina kipokezi cha GPS ndani. Zinazokuwa nacho ni zile zinazotumia laini ya simu.

Jua, maji na giza

Hapa ndipo vifaa hivi vinapoachana kabisa. Kioo cha simu nzuri kinaweza kung'aa sana, lakini hakistahimili. Apple yenyewe inasema iPhone itumike kwenye joto la hewa lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi, na simu iliyobanwa karibu na usukani chini ya jua la mchana hupita kiwango hicho upesi. Kabla haijazima, hupunguza mwanga wake ili ijikinge, na inafanya hivyo saa ile ile unapouhitaji mwanga zaidi. Chatiplota imeundwa kukaa juani. Nyingi hufikia niti 1,000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo) au zaidi na kubaki hapo kutwa.

Maji ya chumvi nayo yana kazi yake. Tone likitua kwenye skrini ya kugusa, simu hulihesabu kuwa kidole: ramani inaruka, inajikuza, au inagoma kabisa kukusikiliza. Tundu la kuchajia likilowa, simu nyingi hukataa chaji mpaka likauke. Chatiplota nyingi zina daraja la IPX7, maana yake zimejaribiwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Usilione daraja hilo kama ruhusa ya uzembe, maana majaribio hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Suuza kioo kwa maji baridi baada ya safari na paka kinga kwenye viungio vya nyaya. GPS za mkononi za baharini ziko imara vilevile, na baadhi huelea zikianguka majini. Udhaifu wao ni kioo chenyewe, ambacho mara nyingi hakizidi inchi 3. Kwenye mawimbi, kusoma kina cha maji kwenye kioo hicho huku umeinamisha kichwa ni njia ya haraka ya kupata kichefuchefu na kuacha kutazama mbele.

Usiku ndio mtihani ninaoupa uzito kuliko yote. Macho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mkali wa sekunde chache unatosha kukurudisha mwanzo. Chatiplota ina rangi za usiku, na mwanga wake hushuka mpaka ramani ibaki imefifia tu, inayosomeka bila kukupofusha. Simu hata ikishushwa mpaka mwisho bado huwaka zaidi ya unavyotaka, halafu ujumbe unaingia na kioo kizima kinageuka cheupe. Mtu akikupigia, ramani inafunikwa. Ukilazimika kutumia simu usiku, izime sehemu ya kupiga na kupokea lakini uiache GPS ikifanya kazi, na uchague rangi za usiku ndani ya programu kabla jua halijazama.

Kuhusu umeme, hesabu ni nyepesi. Chatiplota ya inchi 7 hula takriban ampea 1 kwa volti 12, zaidi kidogo ukiweka mwanga wote. Safari ya saa 10 inachota kama ampea-saa 10 hadi 15, mzigo ambao betri ya kawaida ya boti inaubeba bila shida mradi injini inaichaji. Iwekee fyuzi yake, na usiiunge kwenye waya mmoja na pampu ya maji, kwa sababu pampu ikianza volti hushuka na kioo kinaweza kujizima na kuwaka upya. GPS ya mkononi inayotumia betri za kawaida ina uzuri wake: unabadilisha betri palepale na kuendelea, bila chaja wala waya. Kwa mwenye ngalawa au kayaki, uzuri huo pekee unamaliza mjadala.

Chagua ramani kwanza

Ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu kwa anayenunua, ningesema hili: angalia ramani iliyomo kabla ya kuangalia kifaa. Kampuni za ramani za bahari zinazojulikana zaidi ni Navionics, iliyonunuliwa na Garmin mwaka 2017, na C-MAP, ambayo iko familia moja na chapa za vifaa vya baharini za Lowrance, Simrad na B&G. Kwenye kompyuta kuna OpenCPN, programu ya bure inayofungua ramani rasmi za nchi nyingi. Kila chatiplota husoma kadi za aina fulani tu, hivyo kifaa kizuri kisichokuwa na ramani nzuri ya maji yako ni hasara tupu. Tovuti za kampuni hizi hukuruhusu kuichungulia ramani kabla ya kulipa. Fungua sehemu unayoijua kwa kuiogelea na kuivua, linganisha vina vilivyoandikwa na unavyovijua, na tazama kama yale mafungu ya mchanga na vichwa vya miamba vimo.

Ramani zenyewe ziko za aina mbili. Ramani ya picha ni ile ya karatasi iliyopigwa chapa kwenye kioo: ukiikuza herufi zinakuwa kubwa, ukiipunguza zinakuwa ndogo, lakini hakuna kinachofichwa. Ramani ya vekta ni taarifa zilizopangwa kwa matabaka, na kifaa huamua kipi kionekane kwa kiwango cha ukuzaji ulichochagua. Chatiplota na programu nyingi za simu hutumia vekta. Ni nyepesi, inaonekana safi, na inaweza kukupigia kengele ukikaribia maji madogo. Hatari yake iko palepale kwenye usafi wake.

Tarehe 29 Novemba 2014, katika Volvo Ocean Race, mashindano ya boti za matanga ya kuzunguka dunia, boti ya Team Vestas Wind ilipanda mwamba wa Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Morisi, usiku na kwa kasi kubwa. Mabaharia wote 9 walinusurika. Uchunguzi ulionyesha kwamba kwa kiwango cha ukuzaji kilichotumika kupanga njia, ramani ya kielektroniki haikuonyesha wazi kwamba pale palikuwa na mwamba. Watu wale walikuwa mabingwa, na vifaa vyao vilikuwa bora. Kwa hiyo, kifaa chochote utakachochagua, ukishachora njia irudie yote kwa kidole au kwa kitufe ukiwa umeikuza karibu, hatua kwa hatua, toka gati hadi mwisho. Kazi hii ni rahisi zaidi kwenye kioo cha inchi 9 au kwenye kishikwambi ukiwa bado nchi kavu kuliko kwenye simu. Hapa kishikwambi kinapata alama zake halali: kwa kupanga safari ukiwa umetulia, ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Kuna kosa la upande wa pili, la kukuza kupita kiasi. Kwenye ramani iliyochorwa kwa skeli ya 1:50,000, mstari wa penseli wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 25 za bahari. Kifaa kitakuruhusu uukuze mstari huo mpaka ujae kioo, na utadhani unajua ukingo wa mwamba uko wapi kwa mita moja. Hujui. Sehemu nyingi za dunia bado zina vina vilivyopimwa kwa bildi, yaani kamba yenye kipande cha risasi mwishoni, enzi za meli za matanga. Ramani pia hukosea mahali kabisa: tarehe 17 Januari 2013 meli ya kivita ya Marekani, USS Guardian, ilipanda mwamba wa Tubbataha nchini Ufilipino, na mojawapo ya ramani za kidijitali ilikuwa imeuweka mwamba huo karibu maili 8 za baharini kutoka mahali pake. Meli iliishia kukatwakatwa papo hapo.

Jaribio dogo la kufanya siku ya kwanza: boti ikiwa imefungwa gatini, kuza ramani na utazame alama ya boti imekaa wapi. Ikikaa ubavuni mwa gati, vizuri. Ikikaa juu ya paa la ghala mita 60 ndani ya nchi kavu, hakikisha kwanza kifaa kimewekwa kwenye WGS 84, mfumo wa vipimo unaotumiwa na GPS. Kama kimewekwa hivyo na bado alama inapanda nchi kavu, basi ramani ya eneo hilo imehama, na miamba yake nayo huenda imehama vilevile.

Kinachoweza kuungwa

Chatiplota ina faida ambayo simu haiifikii vizuri, nayo ni kuzungumza na vifaa vingine. Kwa nyaya za NMEA 2000, mfumo wa pamoja wa kuunganisha vifaa vya baharini, inapokea kina kutoka kwenye sona (kipima kina kwa mawimbi ya sauti), meli jirani kutoka kwenye AIS (mfumo wa meli kujitangaza kwa redio), na inaiongoza injini ya usukani wa kujiendesha. Muunganiko ninaousisitiza kuliko wote ni wa redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, yenye DSC, yaani uwezo wa kutuma wito wa kidijitali. Redio ikiwa na MMSI, namba ya utambulisho ya tarakimu 9, na ikipokea nafasi kutoka kwenye GPS, ukikifungua kifuniko na kukishikilia kile kitufe chekundu inapeleka wito wa dharura kwenye chaneli 70 pamoja na mahali ulipo. Bila waya huo, redio isiyo na GPS yake ndani itapiga kelele bila kusema uko wapi. Nimeona boti nyingi zenye chatiplota na redio bega kwa bega, na hakuna waya kati yao. Ni nyaya chache tu, zifunge.

Sona ikiwa ndani ya chatiplota hiyohiyo inakusaidia zaidi ya kutafuta samaki. Ramani inasema mita 12, sona inasema 5: hapo moja kati ya hizo mbili inakudanganya, na unapunguza mwendo mpaka ujue ni ipi. Kumbuka tu kwamba ramani huhesabu kina kuanzia maji yaliyopwa sana, hivyo maji yakijaa sona inapaswa kuonyesha zaidi ya ramani.

Jambo lingine ni ule mstari unaotoka mbele ya alama ya boti. GPS hujua unakokwenda, haijui omo imeelekea wapi. Ukitembea kwa noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) na mkondo wa noti 2 unakusukuma ubavuni, unachepuka karibu nyuzi 22 kutoka pale omo inapoelekea. Na ukisimama kabisa, mshale huzunguka ovyo. Chatiplota iliyoungwa na kihisi cha mwelekeo huonyesha mistari miwili, wa omo na wa njia halisi, na pengo kati yao ndilo nguvu ya mkondo ukiitazama kwa macho. Simu ina dira ndogo ndani, lakini chuma na spika huivuruga.

Ukubwa na vitufe sitavikalia sana. Inchi 5 inatosha ramani peke yake; ukitaka ramani na sona kwenye kioo kimoja, usishuke chini ya 7. Kwenye boti ya wazi nachukua yenye vitufe, au yenye vitufe pamoja na mguso, kwa sababu kidole chenye maji na mawimbi havipatani na mguso. Ndani ya kibanda, mguso pekee unafaa. Kifunge mbali na dira; kitabu cha kifaa kinataja umbali salama.

Kwenye GPS ya mkononi kuna tahadhari ya pekee, kwa sababu hapo namba nyingi unaziandika mwenyewe. Nyuzi 6, dakika 10 na sekunde 30 ni sawa na 6°10.500′. Mtu akiziandika kama 6°10.30′, amekosea sehemu mbili za kumi za dakika, ambazo ukipima kutoka kaskazini kwenda kusini ni takriban mita 370. Kwenye mlango mwembamba wa miamba, hizo zinatosha kuvunja chombo. Angalieni wote wawili, anayesoma na anayeandika, kwamba mnatumia mtindo mmoja.

Vyote vitatu vinaposhindwa kwa pamoja

Tarehe 10 Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty, ikitoka Bermuda kwenda Boston, ilipanda fungu karibu na Nantucket ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Waya wa antena ya GPS ulikuwa umechomoka. Kifaa kikahamia kukisia nafasi kwa mwendo na mwelekeo, kikaonyesha herufi chache ndogo tu, na kwa takriban saa 34 hakuna aliyezitambua. Meli ilikuwa maili 17 nje ya njia. Hakuna aliyeumia. Mwaka 2017, meli kwenye Bahari Nyeusi karibu na Novorossiysk ziliona GPS ikiziweka kwenye uwanja wa ndege, barani kabisa. Mawimbi ya uongo yalikuwa yamewazidi nguvu setilaiti.

Kununua kifaa cha pili cha GPS kunakulinda dhidi ya tukio la kwanza. Dhidi ya la pili hakukulindi, kwa sababu vyote husikiliza mbingu zile zile. Ndiyo maana naitaka dira, daftari lenye nafasi yako iliyoandikwa kila saa, na ramani ya karatasi hata kama ni ya kuchapisha mwenyewe. NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, imekwisha kuacha kutengeneza ramani zake za jadi za karatasi, na mwelekeo wa dunia ni huo, kwa hiyo usisubiri mtu akuletee.

Ukinunua iliyotumika

Wengi wataanzia hapa, na hakuna ubaya. Iwashe nje, chini ya anga wazi, na tazama tarehe kabla ya ramani. Hesabu ya wiki ndani ya GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Kifaa cha zamani ambacho programu yake haikusasishwa huonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Nafasi inaweza kuwa sawa bado, ila inakuambia kwamba kifaa hakijaguswa na mtengenezaji kwa muda mrefu, na ramani yake huenda ni ya umri huohuo. Washa mwanga wote na ukitazame kioo ukiwa umelipa jua mgongo, ukitafuta weusi unaotambaa kutoka kwenye kona, ambao ni dalili ya unyevu. Tikisa waya wa umeme pale unapoingia, kikizima, usikichukue. Kisha futa nukta na njia zote za mwenye nacho wa kwanza. Huwezi kujua alama yake ya "mlango" aliiweka akiwa na ramani ipi, maji yamejaa au yamekupwa, na boti yake ikizama kina gani.